Miaka ya Maboksi

Mwaka 1997 niliacha kufundisha katika shule moja ya kibinafsi ambako mshahara ulikuja ukitaka, nikaajiriwa na duka la jumla la vitabu mjini Nakuru. Kazi ilikuwa kuzunguka shule za sekondari, kuwaonyesha wakuu wa idara sampuli, kuandika oda, kurudi na maboksi, halafu kurudi tena kudai. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokula soli za viatu vyangu. Pikapu ya duka ilikuwa ya tajiri na shughuli zake. Sisi mawakala tulipanda matatu na mabasi kama abiria wengine, maboksi yakafungwa kwenye keria na kufunikwa turubai, na kila utingo alikuwa na bei yake.

Katika sampuli za mwaka huo mlikuwamo riwaya changa, Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Tajiri alitwambia kwamba muuza vitabu hasomi kitabu, anasoma bei. Mimi nilikisoma kati ya Nakuru na Kitale, goti limebanwa na gunia la viazi la mtu. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama, anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na njia inamleta huko huko Kitale nilikokuwa nikienda. Niliposhuka stendi nilijikuta nawatazama wazee usoni mmoja mmoja, kana kwamba baba yule angeweza kuwa anauza mahindi ya kuchoma pale kando.

Baadaye kitabu hicho kikateuliwa kutahiniwa katika KCSE. Kwa wakala, kitabu kikiteuliwa unalala usingizi mnono. Kikiondolewa, nakala zilizobaki bohari hazitazamwi na mtu, hata uziuze kwa nusu bei. Nilikaa nje ya madarasa mengi nikimngoja mwalimu amalize kipindi, nikasikia Kongowea akifundishwa kupitia dirishani. Ubaoni: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Chini ya wahusika: mvumilivu, mwenye bidii, tabu zimemkomaza. Miongozo nayo ilisema hivyo hivyo, tena miongozo iliuzika kuliko riwaya zenyewe. Wanafunzi walinakili, nami nje pale nilikuwa nabishana kimoyomoyo na ule ubao.

Nilibishana kwa sababu njiani tabu ni nyingi, na sikuona zikimkomaza kila mtu. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1997 mvua za El Niño ziliiharibu vibaya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Basi letu lilikwama Ukambani, kabla ya kufika Mtito Andei, nyuma ya malori ambayo mwisho wake hatukuuona. Kufikia usiku watu walikuwa wakigombea maji ya kunywa. Bwana mmoja aliyetusomea Zaburi tangu stendi ya Machakos Country Bus alitoa katoni ya chupa za maji chini ya kiti chake, akaanza kuziuza mara tatu ya bei. Vijana wawili waliokuwa wakicheka pamoja mchana walipigana kwa sababu ya kiti. Mimi mwenyewe sikuwa na fikira tukufu zozote. Nilikuwa nawaza maboksi juu ya keria na turubai lililochanika.

Kando ya barabara palikuwa na kihoteli cha mabati. Mwenyewe, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili, alikuja na taa ya chemli mpaka mlangoni mwa basi.

"Una nini huko juu, mwanangu?"

"Vitabu, mama. Vya shule."

"Vishushe uvilete ndani. Nguo ikilowa itaanikwa, kitabu je?"

Alisogeza magunia yake ya unga akatupa nafasi, maboksi upande mmoja, kina mama wenye watoto upande mwingine, sisi wengine tukakunjana kati ya meza. Akapika muthokoi. Ukutani palikuwa na kibao cheusi chenye bei zilizoandikwa kwa chaki: chai, chapati, muthokoi, karanga. Usiku ule angeweza kuandika bei yoyote na tungelipa. Hakukifuta kibao. Alitutoza chakula kwa bei ya siku zote, akakataa hela ya malazi, na asubuhi akamuuzia chai yule bwana wa Zaburi kwa bei ile ile.

Nimekisimulia kisa hiki kwa walimu wengi, na wengine husema mama yule alikuwa mjinga wa biashara. Labda. Mimi ndipo nilipoanza kuzisoma hadithi za safari kwa jicho jingine. Badala ya kuzihesabu tabu za msafiri, nikawa namtafuta aliyemfungulia mlango. Riwaya nyingi humpitia mtu huyo upesi, kurasa mbili tatu, nao mwongozo humweka chini kabisa, "mhusika mdogo".

Sijui kama Kongowea angefika popote kwa uvumilivu peke yake. Na katika Mbali na Nyumbani, Adam Shafi anaposimulia ujana wake, kuondoka Unguja na kukata nchi baada ya nchi kuelekea kaskazini akiitafuta Ulaya, kilichonishika zaidi ni watu anaokutana nao.

Mwalimu mmoja wa Lamu, ambaye hakuniachia nilale gesti hata mara moja, ndiye aliyenionyesha masimulizi ya zamani zaidi. Kufika kwake kulikuwa kazi: basi la Malindi, msafara wenye askari, halafu mashua kutoka Mokowe, sampuli zikiwa mapajani. Usiku, baada ya chakula, alinitolea nakala ya fotokopi ya safari ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyemfuata bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Carl Velten aliichapisha mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Tulisoma kwa zamu. Msafiri yule anaeleza baridi, vyakula, miji, desturi za watu. Hajipigii ngoma kwamba amekomaa. Mwenyeji wangu alisema, "Waungwana wa zamani, bwana. Anakupa safari, hakupi mahubiri."

Ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, zilinikuta katika soko moja kwenye njia ya Eldoret. Magari hayapiti, magogo barabarani, vijana wanadai vitambulisho, na jina lako ndilo hukumu yako. Mwalimu mteja wangu, ambaye jina lake na langu hayatoki upande mmoja, alinifungia katika stoo ya vitabu, humo humo mwenye maboksi niliyomletea Novemba. Mkewe aliwaambia majirani kwamba kuna shemeji ndani anaumwa homa ya matumbo, wasisogee. Sitalitaja soko hilo. Wangali wanaishi pale, na majirani ni wale wale.

Ndiyo maana Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilinichukua muda kuimaliza. Nyumba ya Ridhaa inapoteketea na watu wake ndani, nilikifunga kitabu nikaenda kutembea. Niliporudi, aliyenivuta mpaka mwisho ni Umu, msichana anayepotelewa na ndugu zake akabaki peke yake jijini, na anayempokea ni Hazina, mvulana wa mtaani ambaye Umu aliwahi kumsaidia. Walimu walinunua kwa wingi. Niliwauliza kadhaa wanamfundishaje Hazina. Mmoja alijibu, "Mzee, huyo hatoki sana kwenye mtihani."

Mwaka 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Kwa wazazi ilikuwa nafuu, siwezi kusema vinginevyo. Kwa maduka ilikuwa msiba. Tajiri alipunguza mawakala, kisha akapangisha nusu ya duka kwa wauza simu, kisha nusu ya pili. Malipo yangu ya mwisho alinipa kwa maboksi ya riwaya zilizokwisha kuondolewa kwenye mtihani, pamoja na daftari la madeni, akasema nitakachodai ni changu.

Madeni mengi yamefia humo. Shule moja ya huko Molo ndiyo ninayoifuata hadi leo, kwa sababu nauli ni ndogo na mhasibu wake ana adabu. Ananiita mzee, ananivutia kiti, anatuma kijana alete chai na mandazi, ananiuliza habari za magoti yangu. Kisha ananiambia hundi iko kwa mkuu wa shule, na mkuu yuko mkutanoni, nipitie Alhamisi.