Bima Kubwa na Kamba ya Lori

Wiki tatu kabla ya safari yetu ya Malawi, Noah yetu, ambayo tuling'oa viti vyake vya nyuma tukaitandikia godoro, ilizimika njiani, tukitoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Mama alikuwa ndani, na dawa zake za presha zilikuwa nyumbani. Tulikata matawi, tukayapanga barabarani, tukangoja. Magharibi lori la ufuta lilituvuta kwa kamba. Dereva alikataa fedha: "Mwalimu, kesho nawe utamvuta mwingine."

Nilikuwa na bima kubwa. Usiku ule ndipo niliposoma mkataba wake: ajali, moto na wizi vimo, hitilafu ya injini haimo. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitumia ingawa ilijitoa katika soko hilo mwaka 2000, humlipa yule tutakayemdhuru ng'ambo ya mpaka. Gari lililokufa lenyewe haihusiki nalo.

Tangu hapo, kabla ya bei, wakala wa bima namwuliza maswali matatu: nani atatuvuta tukikwama Karonga, kwa umbali gani, na nani hutanguliza fedha? Wa kwanza alibabaika. Wa pili alinijibu kwa maandishi. Nimemchagua huyo, ingawa ni ghali zaidi.

Serikali zetu zimekubaliana namna ya kumfidia majeruhi kuvuka mipaka. Aliyekwama zimemwachia dereva wa lori. Wema wa dereva yule ninaushukuru, lakini siwezi kuutegemea kwa dawa za mama.