Swali la Kijana Wetu Makindu



Likizo iliyopita tulisafiri pamoja na mama watoto na wanetu kutoka Mombasa hadi Makueni, kumzuru mama mkwe. Jamaa zake ni Wakamba wa upande wa Nzaui, na wengi wao ni Wakristo. Njiani lilitufika jambo ambalo tumeona si vyema kulificha, kwani huenda limo katika nyumba nyingi.

Kama ilivyo ada yetu, tulisimama kwanza Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa wajenzi wa reli. Tuliswali, tukamuombea marehemu rehema kwa Mola wake. Tuliwaona madereva wasio Waislamu wakishuka kutoa sadaka, na kijana wetu wa miaka 11 akafurahi mno. "Baba, hata wao wanapaheshimu!"

Baada ya adhuhuri tulifika Makindu, penye hekalu la Masingasinga ambalo huwapa wasafiri wa kila dini chakula na malazi bila malipo. Desturi ya pale ni kuvua viatu na kufunika kichwa. Mama watoto na binti zetu hawakuhitaji kuazima kitambaa. Mzee mmoja mwenye kilemba alitukaribisha chai, chapati na dengu. Hapo kijana akarudi nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba, si ulitufundisha chakula cha makafiri hakiliwi?"

Tuliona haya kubwa. Maneno yale yalikuwa yetu. Tuliyatamka chuoni siku moja kwa haraka, tukizungumzia nyama isiyochinjwa kisharia, wala hatukuyafafanua. Mtoto aliyachukua kama alivyoyasikia.

Mzee yule alitabasamu. "Mwacheni aulize, sheikh. Hapa hatupiki nyama kabisa."

Tukamketisha kijana, tukamweleza kwamba chakula kisicho na nyama wala kilevi ni halali kwetu hata kikipikwa na asiye Muislamu. Kisha tukamsimulia habari za mahali pale. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Makindu palikuwa na kambi yao. Husimuliwa kwamba jioni Masingasinga, Wahindu na Waislamu walikusanyika hapo, wakamtaja Mungu kwa sifa, wakiwa mbali na kwao na simba wakinguruma porini. Jengo lililopo leo ni la mwaka 1926. Kwa hiyo historia ya pale ni ya ndugu zetu pia, kama ilivyo historia ya kaburi la Mackinnon Road. Kijana alinyamaza, kisha akanyoosha mkono, akachukua chapati.

Jioni tulifika chini ya mlima Nzaui. Mjomba wake mama watoto, muumini wa kanisa la AIC, alitueleza kwamba ni hapo Nzaui ambapo Peter Cameron Scott, aliyeshukia Mombasa mwaka 1895, alianzisha kituo cha kwanza cha misheni yao, akafariki Desemba 1896. Safari hii kijana aliuliza maswali kwa adabu, na mjomba akamjibu yote. Nasi tukaongeza moja: Ludwig Krapf, aliyekiona kilele cha Mlima Kenya akiwa Kitui mwaka 1849, alikuwa ameingia pwani yetu akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said, akiwaagiza maliwali wake wamtendee wema. Mtawala Muislamu alimpa amani mgeni wa dini nyingine, wala Uislamu wake haukupungua.

Wazazi wenzetu, katika Suratul Hajj, aya ya 40, nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti zimetajwa pamoja, kuwa Mwenyezi Mungu huzikinga zisibomolewe. Kuheshimu mahali pa kale pa wengine si kuabudu pamoja nao. Sisi hatukuswali hekaluni. Tuliswali kando, katika msikiti wa mjini. Lakini ikiwa twapenda wapita njia waliheshimu kaburi la Sayyid Baghali Shah, na magofu ya misikiti yetu ya Gede na Jumba la Mtwana yasichezewe, basi twawafundishe wanetu kuyatunza ya jirani vilevile.

Tuliporejea Mombasa tulisimama mbele ya wanafunzi wetu chuoni, tukakiri kosa letu na kulisahihisha somo. Kina mama, nyinyi ndio hukaa na watoto zaidi yetu. Waulizeni wameelewa nini katika tunayowafundisha, kisha mtuambie.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoteleza, na awajaalie wanetu elimu yenye manufaa. Amin.