Motere na Pompi Yake

Motere ya pompi ya maji ikitetemeka, wengi husema, "Gololi zimekufa." Hununuliwa mpya, nazo zinakufa tena, fedha ya parokia imekwisha, na akina mama wamerudi mtoni. Twawasihi: kateni umeme, fungueni kiungo, kisha mwashe motere peke yake. Ikizunguka kwa utulivu msiilaumu. Yamkini mhimili wake na ule wa pompi haielekeani sawasawa. Kwa motere inayozunguka mara 1450 kwa dakika, hata kupishana kwa sehemu ya milimita hula gololi. Kiungo cha mpira huvumilia kidogo, hakiponyi. Nasi, kabla ya kupima, twakata umeme tena na kulegeza bolti za miguu moja moja: mguu unaoinuka haujakalia msingi, nao twautilia bati jembamba chini yake.