Ipogolo msimu wa ulanzi: Kikombe kilicholipa ada

Basi linalotoka Dar es Salaam likishamaliza kona za Kitonga na kuipita Ilula, mahali ambapo vitunguu na nyanya hupandishwa madirishani kabla dereva hajasimama vizuri, abiria huanza kutafuta masweta. Muda si mrefu barabara inateremka kwenye bonde la mto Ruaha Mdogo. Hapo ni Ipogolo. Mji wa Iringa wenyewe uko juu kilimani, na anayekwenda mjini inabidi aupande mlima wa Ipogolo kwa daladala au bajaji. Anayekwenda Mbeya, Tunduma, Zambia au Kongo hana haja ya kupanda. Anakula, ananyoosha miguu, anaendelea.

Ndiyo maana watu wengi wanaijua Ipogolo kwa dakika ishirini tu: malori yaliyojipanga pembeni, moshi wa mahindi ya kuchoma, wauza maparachichi. Dakika ishirini hazitoshi kuona kitu ambacho wenyeji wanakijivunia kuliko vyote vinavyouzwa pale. Kitu hicho hakikai kwenye rafu ya duka, na mwezi Agosti hukipati hata ukiwa na fedha ngapi.

Ni ulanzi, mvinyo wa mwanzi.

Familia moja kutoka Dar es Salaam, baba, mama, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka tisa, ilishuka hapo asubuhi moja ya mwezi Machi. Haikuwa safari ya utalii. Baba alikuwa anamrudia mama yake mzazi, anayeishi kwenye mashamba ya juu ya bonde, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka stendi. Miaka yote watoto walikuwa wakiambiwa kwamba bibi ni mkulima. Ni kweli, bibi ni mkulima. Ila hawakuwahi kuambiwa kilichomlipia baba yao ada kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo.

Huko Marekani, ambako majimbo yote 50 yana watengenezaji wa mvinyo, watu hupakia watoto kwenye gari siku ya Jumamosi wakaenda shamba dogo la zabibu, wakaonja, wakapiga picha, wakanunua chupa mbili. Hapa kwetu Dodoma nayo ina zabibu na mvinyo wake. Iringa na Njombe hawakuhitaji zabibu. Wana mlanzi, mwanzi unaoota kwa mashina kando ya nyumba na mabondeni. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, chipukizi hutoka ardhini na kurefuka kwa kasi ya kushangaza. Chipukizi likifika kiunoni au kifuani kwa mtu mzima, mgema hukata ncha yake.

Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Kila asubuhi na kila jioni anarudi na kisu kikali, anakata kipande chembamba kama karatasi, ili kidonda cha mmea kisifunge. Siku za mwanzo hapati kitu. Baada ya siku kadhaa utomvu unaanza kudondoka, kidogo, halafu kwa wingi. Chini ya ncha anafunga mbeta, chombo kilichokatwa kutoka kwenye mwanzi huohuo uliokomaa. Mwanzi unajitolea maji, na mwanzi mwingine unayakinga.

Bibi aliwapokea getini akiwa na kisu mkononi.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, mama," alijibu baba, na watoto wakamtazama kama wanamsikia mtu mwingine. Wao wakatoa shikamoo zao za Kiswahili, bibi akaitika marahaba, akamshika binti kichwa, akasema amekuwa mrefu kama chipukizi la Januari.

Hakuwapeleka ndani. Aliwapeleka shambani, maana ilikuwa saa ya kushusha mbeta. Nyuki walikuwa wametangulia. Mtoto wa kiume akarudi nyuma, bibi akacheka: nyuki akikataa kuja, alisema, ndipo uogope, ujue kuna mtu katia maji. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wanyalukolo wanajua kwamba hata asiyesifiwa hutia, hasa karibu na mwisho wa msimu utomvu unapopungua na madereva wa malori wanapozidi kuuliza.

Anayetaka kuonja ulanzi vizuri basi aende asubuhi, na aende pale unapogemwa. Uliotoka kwenye mbeta muda huo una weupe wa maji yaliyooshea mchele, povu jepesi juu, na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Ni mtamu bila kukinaisha. Unawasha ulimi kidogo, kama soda iliyokwisha kufunguliwa. Huo huitwa mtogwa. Ukiachwa hadi jioni utamu unapungua na ukali unaingia. Kesho yake umekuwa mkangafu: mchachu, mzito kichwani, na wazee hawataki mwingine. Hakuna aliyeongeza kitu. Chachu iliyo hewani na iliyobaki kwenye chombo inakula sukari, inatoa kilevi na gesi. Ni kazi ileile inayofanyika kwenye pipa la zabibu, ila zabibu husubiri miezi na ulanzi hausubiri hata siku mbili. Kwa sababu hiyo hauna chupa wala lebo, na dumu lake halikazwi kifuniko. Waliowahi kusafiri na dumu la ulanzi lililokazwa, chini ya kiti cha basi, kwenye joto la Morogoro, wanajua mlio wake.

Bibi alimimina kwenye kikombe cha plastiki, akanywa yeye kwanza funda moja mbele ya wageni, ndivyo ustaarabu ulivyo, kisha akampa mkwewe. Mama wa watoto hanywi pombe. Alipokea kwa mikono miwili, akagusisha midomo, akasema ni tamu kweli. Kisha bibi akajaza tena, akamnyooshea mjukuu wa miaka tisa.

Hapo pakawa kimya.

Kwa bibi hili si jambo la kufikiria. Yeye alilelewa hivyo, na wanawe aliwalea hivyo: mtogwa wa asubuhi ni kinywaji cha nyumbani, pombe ni ule wa jioni. Wazazi wengi wa nyanda hizi wangesema maneno hayohayo. Lakini maneno hayo yana tundu. Utomvu uliokingwa usiku kucha ulianza kuchachuka tangu ulipodondoka, na kama mbeta haikuoshwa, chachu ya jana inaukaribisha wa leo. Utamu hauna maana kwamba hakuna kilevi. Una maana kwamba sukari bado haijaisha. Ulimi wa mtoto hauwezi kutofautisha, na hata wa mtu mzima mara nyingi unadanganyika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi. Kikombe anachopewa na bibi yake kwa upendo si biashara, lakini mwili wa mtoto haujui nani katoa fedha na nani hakutoa.

Baba alikipokea yeye kile kikombe. "Mama, huyu bado," alisema taratibu. Bibi alimtazama.

"Wewe ulikunywa. Umekufa?"

"Sikufa, mama."

Jibu halikwenda mbele zaidi, kwa sababu kwenye kijia alikuwa anakuja mtu mwenye kofia ya sufi na mbeta mbili begani. Alikuwa kaka yake baba. Ndiye anayegema siku hizi, kwa kuwa magoti ya bibi hayataki tena kuinama. Alisalimia vizuri, akataniana na watoto, akasahau jina la binti, akauliza, akasahau tena. Macho yake yalikuwa mekundu na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Ndugu hawa wawili walikulia kwenye mashina haya. Kabla ya kwenda shule walitumwa kushusha mbeta, na kila mmoja alijilipa mafunda mawili matatu njiani. Mdogo alipopata nafasi ya sekondari ya bweni, aliondoka. Mkubwa alibaki darasa la sita, halafu hakubaki tena darasani. Fedha ya ada ya mdogo ilitoka kwenye madumu ambayo mkubwa aliyateremsha Ipogolo kwa baiskeli, alfajiri, msimu baada ya msimu, kuwauzia wenye vilabu vya barabarani. Mvua ikiwa nyingi ulanzi unajaa na bei inashuka. Mvua ikikatika mapema bei inapanda, lakini hakuna cha kuuza. Kiangazi, wanywaji walipohamia kwenye komoni, mama yao alisuka na kuuza matenga ya mianzi kwa wenye nyanya. Hiyo ndiyo hesabu iliyomtoa mhasibu mmoja anayeishi Dar es Salaam.

Mtu anayeisifia ulanzi kwa wageni bila kumtaja huyu kaka anauza nusu ya habari. Na anayemtaja kaka tu, kama wafanyavyo wahubiri wengi, anamsahau yule mhasibu. Vyote viwili vilitoka kwenye shina moja.

Walikaa kivulini wakala mahindi mabichi ya kuchemsha. Binti, ambaye tangu asubuhi alikuwa kwenye simu yake, alikuwa ameiweka chini. Alisubiri baba yake mkubwa alipokwenda kuosha mbeta mtoni, ndipo akauliza.

"Baba mkubwa naye alianza na ya tamu?"

Mama alitaka kumnyamazisha. Baba akasema mwache. Akamweleza, mbele ya bibi, kwa Kiswahili, kila kitu: mafunda ya asubuhi, baiskeli, ada, barua za shule zilizokuwa zikilipwa kwa noti zenye harufu ya ulanzi. Alieleza bila kumtukana kaka yake na bila kumlaumu mama yake. Bibi alisikiliza huku akimenya hindi punje mojamoja. Mwisho akasema tu kwamba wakati ule hapakuwa na mtu aliyewaambia, na kwamba kama asingeuza, angekuwa na wana wawili wa darasa la sita.

Kisha akainuka, akamwita mjukuu wake wa kike, akampa kisu.

Alimwonyesha jinsi ya kukata: kipande chembamba, mkono uliotulia, kisu kikielekea mbali na kidole. Akamwonyesha pia machipukizi yaliyofungwa vitambaa vya zamani, kimoja kila shina. Hayo hayagemwi. Chipukizi likigemwa haliwi tena mwanzi mrefu. Ukiyagema yote, baada ya miaka michache shina linachoka na huna ulanzi, huna tenga, huna fito za kujengea. Wagema wenye haraka ya fedha hawaachi. Bibi huacha, na vitambaa hufunga yeye mwenyewe, kwa kuwa mgema wake siku nyingine haoni vizuri.

Kwa familia inayopita Ipogolo na kutaka kufanya hivyo, msimu ni kuanzia mvua zinaposhika hadi karibu na mwisho wa masika, na Februari na Machi ndiyo miezi yenye uhakika. Ni vyema kwenda na mwenyeji, asubuhi, na kununua moja kwa moja kwa mgema. Chombo kiangaliwe kabla ya kinywaji: maji ya mtoni yaliyoongezwa ni hatari kuliko kilevi chenyewe, na tumbo la homa ya matumbo halina msimu. Mjamzito aache. Anayeendesha aache pia, tena Kitonga iko mbele au nyuma yake. Watoto wana mengi ya kufanya shambani bila kikombe: kutazama nyuki, kuchonga mbeta, kusuka kitenga kidogo cha kurudi nacho nyumbani.

Saa kumi jioni walikuwa tena stendi. Wingu lilikuwa limeushika mlima na malori ya Tunduma yalikuwa yameanza kuwasha taa. Baba mkubwa aliwasindikiza kwa baiskeli, ileile aina ya baiskeli, akiwa amefunga dumu la lita tano nyuma.

Mama alilitazama dumu, akamtazama mumewe. Baba akalipokea. Akashukuru, akamkumbatia kaka yake kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya wanaume wa huko, akamwambia atapiga simu Jumapili. Halafu akafungua kifuniko nusu, gesi ikatoka, akaliweka katikati ya miguu yake kwenye kiti cha dirishani, mahali ambapo mtoto hafiki.

Binti alikuwa na kitambaa chekundu cha zamani mfukoni. Bibi alimwambia chipukizi lake liko shina la pili kutoka mtoni, aje aliangalie mwakani.