Simu ya Dukani kwa Ami

Duka la Ami limevunjwa. Nilipita Ngamiani, Tanga, nikakuta pamezungushiwa mabati, ndani mafundi wanamwaga zege la ghorofa. Nilikuwa na binti wa dada yangu, akaniuliza mbona nimesimama. Nikamwambia hapa ndipo tulipopokelea habari za bibi yako alipokuwa mgonjwa. Akashangaa: "Dukani?"

Ndiyo, dukani. Ami alikuwa Mshihiri, akiuza ubani, udi, hiliki, karafuu na marashi ya waridi, na harufu ilikupokea kabla hujatoa salamu. Zafarani ilikaa kwenye kopo la bati, akiipima kwa kimizani kidogo na kuifunga kwenye kipande cha gazeti. Kabla ya kupima aliuliza: "Ya pilau au ya mgonjwa?" Ya pilau ulilipa. Ya mgonjwa aliongeza na chupa ya marashi, akakurudishia pesa yako. Alijua inakwenda kwenye kombe: mwalimu wa chuoni ataandika aya kwenye sahani nyeupe, zioshwe kwa marashi, mgonjwa anywe. Siku hizi wapo wanaolipinga kombe, na hoja yao nawaachia. Ninalolijua ni kwamba mwalimu aliyemwandikia mama ndiye aliyesema asikae Tanga hata wiki moja zaidi, apelekwe hospitali ya Ocean Road, Dar.

Dada anasema ilikuwa 1997. Kadi ya kliniki inaonyesha Machi 1998. Vyovyote iwavyo, ni msimu ule ule wa mvua kubwa, na basi la Dar lililala njiani. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na wakati huo tiba ya mionzi nchini ilipatikana hapo tu, kwenye jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Mama alifikia kwa shangazi, Ilala, akipelekwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Walimchora mistari ya wino tumboni wakamwambia isifutike, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mahali pa kupiga. Kilichomkosesha usingizi ni josho: ataoga vipi? Swali likaja kwa simu ya Ami, mwalimu akaitwa dukani, na jibu likarudi jioni ile ile. Mistari aiache, atayamamu, Mungu hamtaki mja ajidhuru. Shangazi alisema usiku ule mama alilala.

Kila baada ya magharibi nilitumwa dukani kuingojea simu ya shangazi. Ami akiinua mkono wa simu, wateja wananyamaza. Shangazi hakuwa mtu wa kusema anaendelea vizuri. Alisema: amekunywa uji nusu kikombe na umetulia, amekwenda mwenyewe hadi mlangoni, leo hakutapika. Nikirudi nyumbani nasimamishwa kila baraza, narudia yale yale, na kila baraza inaitikia alhamdulillahi. Kwa nusu kikombe cha uji! Hakuna aliyeshukuru kwa saratani. Walishukuru kwa uji, na kesho yake wakaomba uji mwingine. Habari ikiwa mbaya, pia ilifika kama ilivyo. Siku uji ulipokataa kutulia, jirani yetu Mkristo, mwalimu wa shule ya msingi, alitafuta machungwa ya Muheza akayapakia basi la alfajiri, kisha akaja barazani kumwombea mama kwa namna yake, bibi yangu akiitikia amina.

Mama alirudi, akaishi miaka mingine tisa. Simu za mkononi zikaja, ya dukani ikanyamaza, Ami akafariki, wanawe wakatawanyika.

Sasa mgonjwa ni dada, saratani ya titi. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp lina watu zaidi ya mia. Ikitumwa habari yake, inashuka mikono ya kuomba na dua zilizonakiliwa, nyingine zikiwa bado na jina la mgonjwa wa watu wengine. Inaniudhi. Dua ya mtu siidharau, lakini hakuna anayeuliza amekula nini, nasi tunaandika "anaendelea vizuri, alhamdulillahi" siku ambayo hajameza kitu. Ndiyo maana sikumlaumu binti yake aliponiuliza pale kwenye mabati: shukrani ya nini, na mama anaumwa hivi?

Nikamwambia anitajie jambo moja aliloliweza mama yake leo. Akafikiri. "Amenigombeza kwa kuunguza wali. Halafu akala ukoko."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo, na alhamdulillahi yake mwishoni. Tangu hapo anaandika kila jioni, la heri na la shida. Wengi bado wanatuma mikono. Lakini binamu wa Pongwe ameanza kuleta maziwa, na shemeji amechukua zamu ya kumpeleka kliniki. Ya kukesha naye Jumatano bado haina mtu.