Django kwenye seva ya bei rahisi

Wasomaji, leo nina kisa. Mwaka 2008 chama kimoja cha akina mama kilinipa kazi: tovuti ya kuonyesha michango yao. Mweka hazina alikuwa ameanza kushukiwa, akataka kila mtu ajionee hesabu kwenye mkutano wa Jumamosi.

Niliiandika kwa Django, nikalipia nafasi kwenye seva ya bei rahisi, ile mnayogawana na wateja wengine wengi. Ijumaa jioni nikapakia faili kwa FTP. Nikafungua tovuti: kosa 500!

Seva hizo zililenga hasa PHP: ukurasa unaombwa, PHP inafanya kazi, inamaliza. Django hutaka programu inayobaki hai, na njia niliyokuwa nayo ni FastCGI: faili moja ya kuiwasha na .htaccess ya kuielekezea maombi. Zote nilikuwa nazo. Ruhusa ilikuwa 755. Sasa shida ni nini?

Saa nne usiku, saiba ikikaribia kufungwa, nikagundua. Faili ile niliiandika kwenye Windows, ambayo humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana. Linux hutumia moja. Ile ya ziada ilishikamana na jina la Python, seva ikatafuta programu isiyokuwepo. Nikarekebisha, nikapakia tena. Ikafunguka! Kesho yake mama wa watu alisoma hesabu zake bila wasiwasi.

Django iliacha FastCGI kuanzia toleo la 1.9, mwaka 2015. Lakini funzo ni lile lile: kabla hujalipia, uliza kama seva itaiacha programu yako ibaki hai. Na usingoje Ijumaa.