Kinda Kinywani mwa Paka

Jumapili, 13 Oktoba 2024. Kensington, Johannesburg

Leo asubuhi paka wetu kakamata kinda la dikkop. Ndio wale ndege wenye miguu mirefu na macho makubwa ya njano, wanaopiga mayowe usiku kucha kwenye nyasi za jirani. Hutaga chini, hapo hapo uwanjani, mayai mawili kwa kawaida, na makinda huanza kukimbia mapema mno. Nilisikia kelele za wazazi kabla sijaona kitu. Mmoja alikuwa ametandaza mabawa mbele ya paka, kajitutumua, hataki kurudi nyuma.

Mwanangu alimfunika paka kwa taulo, paka akaachia. Kinda likasimama. Tone la damu hakuna. "Mama, huyu mzima, tumrudishe kwa wenziwe." Nikakataa. Nilimshika, nikapuliza taratibu vinyoya vyake vya rangi ya mchanga, na chini ya bawa nikakuta kitundu kama kilichochomwa na ncha ya sindano. Jino la paka ni jembamba, huzama ndani na ngozi hujifunga juu yake. Bakteria wa mate ya paka, hasa Pasteurella, hubaki humo na kuingia kwenye damu. Ndege mdogo asipopata antibayotiki anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na muda wote huo ukimtazama hana neno. Hata nisingekiona kile kitundu, ningempeleka.

Tukamweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, kitambaa chini, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa upande mmoja tu, ili joto likimzidi asogee. Kifuniko juu, giza, redio izimwe. Shemeji alikwisha kuloweka mkate kwenye maziwa, roho nzuri kabisa. Nilimshukuru na kumwomba aweke kando. Ndege hanyonyi, maziwa si chakula chake, na hata maji ukimdondoshea mdomoni yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kiumbe aliyetoka kushikwa na paka anahitaji joto na kimya.

Mwanangu alitaka tumbebe na kinda la pili, wasitengane. Lile halikuguswa na wazazi wake wako pale pale. Tukaliacha, tukamfungia paka ndani.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa Midrand, kwenye hospitali ya wanyamapori ya Johannesburg. Wanatibu wanyama wa porini pekee, kuanzia njiwa hadi kakakuona waliookolewa mikononi mwa walanguzi, na hawamtozi aliyewaleta. Wanaishi kwa michango. Tuliandika mahali tulipomkuta na kwamba ni paka. Hilo la paka walilitaka mapema, kabla ya mengine yote.

Jumatatu, 14 Oktoba

Jirani kaniuliza kwa nini sikumlea mwenyewe. Mbali na kwamba sheria ya uhifadhi ya hapa, ile ya mwaka 1983, inataka kibali kumweka mnyama wa porini nyumbani, dikkop hutafuta wadudu usiku, na hilo hujifunza nyuma ya wazazi wake. Mimi ningemfundisha nini? Angezoea watu na paka, halafu siku ya kumwachia angemkimbilia yeyote.

Akaniambia pia kwamba wazazi wangemkataa kwa harufu ya mikono yetu. Nyumbani Tanga tuliaminishwa hivyo hivyo, na makinda mengi mazima yaliachwa juani kwa sababu mtoto fulani aliyashika. Ndege hamtupi mwanawe kwa kuguswa na mtu. Kinda lililoanguka tu, halijaumia wala halijaingia kinywani mwa mnyama, lirudishwe.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwambia mwanangu jambo ambalo Jumapili halikuwa na nafasi. Ingekuwa mtoto wa nguchiro au bweha, asingeruhusiwa kumgusa kwa mikono mitupu. Ndege hatuletei kichaa cha mbwa, wanyama wanyonyeshao wanaweza, na mwaka 2010 ugonjwa huo ulizuka kwa mbwa papa hapa Johannesburg, kusini-magharibi. Akiumwa au kukwaruzwa, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha zahanati siku ile ile, bila kungoja dalili. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Nimeangalia na kadi ya paka: chanjo yake bado hai.

Nimepiga simu Midrand. Kinda linakula, dawa inaendelea.

Jumapili, 20 Oktoba

Mjomba wa watoto anasema paka ni paka, kuwinda ndiyo asili yake. Kweli, lakini paka huyu anakula bakuli zima asubuhi na jioni, na yule ndege hana pa kutagia ila chini. Tuliomleta paka mtaa huu ni sisi. Kwa hiyo hatatoka tena msimu huu wa makinda, usiku wala mchana. Analia mlangoni, na inaniuma kumsikia. Fundi amepima veranda. Wavu utafungwa Jumamosi, apate jua na upepo bila kufika kwenye nyasi.